Mchele Nimeuchukua, Uso Wake Mrudishie

Maneno haya niliyasema katika ukumbi wa Tononoka hapa Mombasa, mbele ya wazee wa mitaa, vijana, na wahudumu wenzangu wa afya. Wengine waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila mahali pawili nimeongeza niliyoyasahau jukwaani.

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana wa nyuma mnaotazama simu, nawaona.

Nimeitwa hapa nieleze kwa nini watu wetu hawajiandikishi kwenye bima na misaada ya serikali. Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie "changamoto za uhamasishaji". Hayo mimi siyajui. Ninachokijua ni milango. Nilianza kubisha milango ya Majengo nikiwa mhudumu wa kujitolea, na tangu Septemba 2023, tulipokabidhiwa mabegi haya na kipimo cha presha, nimekuwa nikilipwa shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Kwa hivyo mimi ni mtu wa serikali mbili kwa bei ya moja, na wala hizo elfu tano haziji kila mwezi kama mwezi unavyoandama.

Kizibao hiki mnachokiona, kuna nyumba nikifika nakifunika kwa buibui kabla sijapiga hodi. Nyumba ya tatu kutoka hapo, nalifungua buibui ili kionekane. Miguu yangu imeshajua mlango upi nifunike na upi nifunue, maana nyumba hii ilipiga kura vile na ile ilipiga vingine. Na dawa za minyoo ninazozibeba ni zile zile.

Wazee wetu walisema mwenye njaa hana miiko. Niwieni radhi, lakini hapo walisema haraka. Mimi nimewaona wenye njaa wenye miiko tele.

Mnakumbuka Mei 2020. Tarehe sita Mji wa Kale ukafungwa kwa sababu ya korona, na ilikuwa katikati ya Ramadhani. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, wachuuzi wa kahawa wamekaa, wavuvi wamekaa, wenye vibanda wamekaa. Chakula cha msaada kikaanza kupitishwa. Kingine kilitoka kwa matajiri wasiotaka kujulikana, kingine kaunti, na kingine kwa waheshimiwa. Mifuko ya waheshimiwa ilikuwa na picha. Mheshimiwa anatabasamu, chini yake jina, na chini ya jina mchele kilo mbili, unga, na mafuta ya kupikia nusu lita.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, ambaye nilikuwa nikipata habari zake kwa simu kila siku. Kijana alimletea mfuko wenye picha ya mtu ambaye bibi huyo hakumpenda tangu enzi za babake. Bibi akamwambia kijana asubiri barazani. Akaingia ndani, akaumimina mchele kwenye ndoo yake, akautia unga kwenye bakuli, akautoa ule mfuko mtupu, akaupiga makofi mawili kuukung'uta, akaukunja vizuri, akampa kijana. "Mchele nimeuchukua. Uso wake mrudishie."

Tukacheka sana siku ile. Lakini nimeendelea kuifikiri kwa miaka, na naona bibi yule alieleza jambo zima ambalo mimi leo nitahangaika nalo kwa nusu saa. Mtu anaweza kuwa na haja na kitu na asiwe tayari kumwia radhi mwenye kukitoa. Wengi hawana ujasiri wa bibi yule wa kutenganisha viwili hivyo mlangoni. Kwa hivyo wanaurudisha mfuko mzima.

Na Kiswahili tunalo neno la kinachoogopwa hapo. Masimango. Mtu akikupa leo, kesho akakukumbusha mbele za watu kwamba bila yeye ungekuwa wapi, amekusimanga, na wengi wetu tumelelewa tukiambiwa heri kulala na njaa kuliko kusimangwa. Waislamu mliomo humu mnaijua aya ya 264 ya Suratul Baqara, inayokataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia. Sasa tazameni msaada wa kisiasa unavyotengenezwa: masimango yamechapishwa juu ya mfuko kwa rangi kabla hata mchele haujafungwa. Mpokeaji hana haja ya kusubiri kesho asimangwe.

Msidhani ni sisi wa Pwani peke yetu. Nimesoma habari za Marekani mpaka usiku wa manane kwa ajili ya hotuba hii, mwanangu akaniuliza kama nahama.

Machi 2010 Barack Obama alitia saini sheria ya bima ya afya. Wapinzani wake wakaibandika jina lake, Obamacare, na jina likaganda kama gundi. Kentucky ni jimbo ambalo 2012 lilimkataa Obama likampa kura Mitt Romney. Lakini gavana wake wakati ule, Steve Beshear, alitoka chama cha Obama, na alitaka watu wake wapate bima. Akafanya kitu cha kijanja. Ofisi ya kujiandikishia akaipa jina la kwao, Kynect, na jina la Obama halikutajwa popote. Majira ya joto ya 2013 maofisa wa Kynect walikuwa na meza kwenye maonyesho ya jimbo. Akaja mzee mmoja, akaelezwa, akafurahi, akasema anatumaini hii itaishinda Obamacare. Meskini, alikuwa ameishika mkononi.

Katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya laki nne wakajiandikisha. Na Mei 2014 kura ya maoni ilipopigwa jimboni humo, asilimia 57 walisema hawaipendi Obamacare, ila waliosema hawaipendi Kynect walikuwa asilimia 22 tu. Ni kitu kimoja. Mwaka 2017 watafiti watatu wa siasa walichapisha jaribio lao: wengine walielekezwa kujiandikisha kwenye tovuti ya serikali, wengine kwenye tovuti ya kampuni binafsi inayouza bima zile zile. Wafuasi wa Republican, chama kilichompinga Obama, ambao kwa kawaida walikuwa nyuma kujiandikisha, walipoiona kama biashara badala ya serikali, pengo kati yao na wenzao wa Democratic, chama cha Obama, likazibika.

Na kuna kile kisa cha 2009 huko South Carolina, mzee alipomwambia mbunge wake kwenye mkutano kwamba serikali isiiguse Medicare yake. Medicare ni bima ya wazee, na inaendeshwa na serikali, kwa sheria ya 1965. Niliposoma hivyo nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilimkumbuka mzee wangu mmoja wa hapa Majengo.

Huyu ni mstaafu wa bandari, kuli wa zamani, mgongo umepinda kwa magunia. Ni katika wale ambao mpaka leo ukimgusa atakwambia Pwani si Kenya, na atakutolea historia kuanzia ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 2017 ulipofanywa usajili wa Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, shilingi elfu mbili kwa mwezi, alikataa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na fomu zilipitia kwa chifu. Akasema, "Serikali ya bara yataka kunihesabu. Nikishahesabiwa, niliyoyasema miaka yote haya yawa wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Mkewe, aliyekuwa amefika umri, alikwenda akajiandikisha kimya kimya na kitambulisho ndani ya kanga.

Malipo yalipoanza 2018 mkewe akawa anapata, yakichelewa miezi, lakini anapata. Sukari ya nyumba ile yatoka hapo. Majani ya chai yatoka hapo. Nimekaa barazani kwao mara nyingi, mzee akinieleza kwa nini hatopokea senti ya serikali, na huku anaikoroga chai. Anajua. Mkewe anajua kwamba anajua. Kijiko kinazunguka, hakuna anayesema.

Ningekuwa mtu wa mjini Nairobi mwenye tarakilishi ningemwandika mzee yule kuwa "hajui faida". Anajua faida kuliko mimi. Amepiga hesabu nyingine: miaka arobaini ya kusema hapana ina thamani gani, na je, elfu mbili zinaifikia?

Sasa nije kwetu kwa karibu zaidi, na hapa wengine mtakunja uso. Agosti 2022 Mombasa ilimpa kura Raila Odinga, lakini aliyeshinda urais ni William Ruto. Novemba 30 mwaka huo huo Ruto akazindua Hazina ya Hustler, mkopo kwa simu, unabonyeza *254#, unaanzia shilingi mia tano. Ni mkopo, najua, si sadaka. Lakini angalieni mtaani ilivyokwenda. Waliompigia Ruto walibonyeza siku ile ile, na baadhi yao walizila zile mia tano kama bahasha ya arusi: tumeshinda, hii ni yetu, kulipa kwa nini? Na waliompigia Baba, yaani Raila, walikaa na simu zao za kabambe mikononi, hawabonyezi. Mama mmoja muuza mbaazi na mahamri, ambaye nilijua kwa hakika kwamba anakopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya kukausha damu, aliniambia, "Nikibonyeza, ntakuwa nimemkubali." Mkopeshaji wa mtaani hakuwa na haja ya kukubaliwa. Alitaka pesa zake tu, na friji la mama akizikosa.

Kisha mambo yakageuka. Agosti 2024 gavana wetu wa zamani, Hassan Joho, mtu wa Raila, akawa Waziri wa Madini katika serikali ya Ruto. Machi 2025 Ruto na Raila, sasa marehemu, wakatia saini mkataba wa kushirikiana. Na yule mama wa mbaazi? Alinipigia kunielekeza. Ananielekeza mimi! "Kumbe wabonyeza tu, mwanangu, rahisi." Riba haikuwa imebadilika. Namba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani amekaa na nani kwenye picha ya gazeti.

Namcheka mama wa mbaazi lakini nami nina yangu. Novemba 2017, baada ya ule uchaguzi wa marudio ambao upinzani uliususia, tuliambiwa tususie bidhaa za kampuni tatu: maziwa, mafuta ya kupikia, na laini ya simu. Mimi nilisusia. Nilibadilisha laini. Kwa wiki mbili za kwanza nilitembea na laini mpya nikiwa na fahari kama mwali. Mgonjwa wangu wa kifua kikuu alikuwa na namba yangu ya zamani. Alinitafuta siku tatu. Hakufa, alhamdulillahi, alikwenda mwenyewe zahanati. Lakini nilichokuwa nimekizima kwa ajili ya siasa yangu kilikuwa chake yeye.

Nimesema kukataa ni siasa. Sasa niseme kitu ambacho kimenichukua muda mrefu kukiona, na kilinijia kupitia kwa kaka yangu.

Kaka yangu anaendesha tuktuk. Bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ilipoanza Oktoba 2024, ikichukua nafasi ya NHIF tuliyokuwa nayo tangu 1966, aliapa hatojiandikisha. "Hiyo ya Ruto, wachukue wao." Aliyasema kwenye stendi, aliyasema nyumbani, aliyasema kwenye arusi ya mpwa wetu. Nami nikamweka kwenye fungu la wakaidi wa siasa, nikaacha kumsumbua. Ana sukari, kaka yangu. Akajikata kidole cha mguu, akakificha ndani ya soksi, na tulipokuja kujua mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye fundo. Hospitalini, jina lake sitalitaja, dirishani wakamwambia hayumo kwenye mfumo. Nikambonyezea *147# pale pale kwenye benchi, akajibu maswali ya hali ya nyumba yake: paa ni la nini, choo ni cha aina gani, anapikia nini. Ikaja jumla ya mchango. Na sisi tusio na mshahara tuliambiwa tulipe wa mwaka mzima kwa pamoja.

Alipoiona ile jumla alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Sasa waona."

Nikaona. Alikuwa ameshaibonyeza zamani, usiku, peke yake. Aliiona jumla, akajua hana. Na mwanamume wa Majengo hawezi kusimama stendi akasema sina. Anaweza kusema sitaki. Sitaki ina heshima. Siasa ilikuwa shuka safi aliyojifunika ili umaskini wake usionekane, na mimi dadake, mwenye begi na kipimo, niliitazama shuka nikadhani ndiyo mtu.

Tangu siku ile nikisikia "siitaki ya fulani" sibishani na fulani. Nauliza upole upole kama shida ni mlipaji au ni malipo. Nusu ya wakati ni malipo. Hii si takwimu, msije mkaiandika kwenye ripoti. Ni milango yangu tu.

Ile nusu nyingine ndiyo ngumu. Mwenzangu mmoja hapa mbele amegundua dawa yake, na nimemwona anatabasamu kwa sababu anajua namsema. Yeye hataji SHA. Anasema "kadi ya hospitali". Hataji Inua Jamii, anasema "zile za wazee". Anafanya Kynect bila kwenda Kentucky, na mlango wake una watu wengi kuliko wangu.

Nilitaka niwashauri nyote mfanye hivyo. Kisha nikasoma mwisho wa kisa cha Kentucky. Mwaka 2015 alisimama mgombea ugavana, Matt Bevin, akaahidi kuivunja Kynect. Alishinda, na akaivunja kweli. Kitu kilichokuwa kimewaandikisha watu laki nne hakikupata watetezi wa kutosha siku ya kura, na naona hilo si ajabu: mtu ambaye hakuambiwa alichonacho kimetoka wapi, utamwambiaje akitetee? Mpaka 2021 ndipo Kynect ikarudishwa, na aliyeirudisha ni gavana Andy Beshear, mtoto wa yule yule Steve. Kwa hivyo ukilificha jina watu wanapokea, na siku ya kunyang'anywa hawajui wamshike nani mkono. Ukilitangaza, nusu ya mtaa inafunga mlango. Sijapata njia ya tatu. Mwenye nayo aniambie kabla hatujala biriani.

Nililolijaribu mimi ni hili. Mtu akiniuliza mlangoni, "Hii ni ya nani?", namuuliza leo amenunua nini. Sabuni. Vocha. Kaka yangu, petroli ya tuktuk, ambayo Julai 2023 ushuru wake ulipandishwa mpaka asilimia 16. Namwambia basi hii ni hiyo, inakurudia kwa mlango wa nyuma, na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema matibabu na hifadhi ya jamii ni haki, hakikutaja jina la mheshimiwa yeyote. Naipenda hoja hii. Naiona ina mantiki, inamwondolea mtu masimango, kwani hasimangwi mtu kwa mali yake.

Wiki iliyopita nikaipeleka kwa yule mzee wa bandari. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Akaweka kikombe. "Kama ni zangu," akasema, "nirudishieni nikanunue mwenyewe. Kwa nini zipite kwa chifu?"

Sikuwa na jibu. Mkewe aliangalia pembeni. Nikamfunga kipimo mkononi, ikasoma 170 kwa 100, nikamwandikia karatasi ya kwenda zahanati asubuhi. Karatasi ina nembo ya kaunti juu. Aliitazama kwa muda, akaikunja nembo kwa nyuma, akaipiga pasi kwa kidole, akaitia mfuko wa kanzu.